Reggie White na neno "Mungu ameniambia"

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wiki hii tusome Yeremia 23, tukae zaidi kwenye mstari wa 21: manabii ambao Bwana hakuwatuma, nao wakapiga mbio, hakusema nao, nao wakatabiri.

Pembeni ya andiko hilo tuweke maisha ya Reggie White, mlinzi wa futiboli ya Kimarekani, mzaliwa wa Chattanooga, Tennessee, mwaka 1961. Aliwekewa mikono kuwa mhubiri wa Kibaptisti akiwa na miaka 17. Kwa Kiingereza neno la waziri ndilo pia la mchungaji, basi watu wakamwita Waziri wa Ulinzi.

Kazi yake ilikuwa kumwangusha mrushaji wa timu pinzani kabla mpira haujamtoka mkononi. Katika NFL, ligi kuu ya mchezo huo, alifanya hivyo mara 198, na 124 kati ya hizo akiwa na timu ya Philadelphia, katika mechi 121 tu. Alikuwa na kilo zaidi ya 130, lakini wenye uzito huo walikuwa wengi. Yeye alianza kwa kukimbilia nje, mbio za kweli, mpaka mzuiaji, yule anayemkinga mrushaji, atanue miguu kumkinga na uzito wake uelemee upande huo. Hapo akaingiza mkono wa ndani chini ya kwapa la mzuiaji, akamnyanyua, akamtupa kulekule alikoelemea, kisha akakata kuingia ndani. Ukipiga mapema, uzito haujahama, unagonga ukuta. Ukikimbia kwa kuzuga, mzuiaji hatoki alipo, na mlango wa ndani haufunguki. Januari 1997 kule New Orleans, timu yake ya pili, Green Bay, ilipoifunga New England 35 kwa 21 katika Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, White alimwangusha mrushaji mara 3.

Uwanjani, basi, alijua kungoja. Katika kunena alitangulia. Mwaka 1993 alipohamia Green Bay alisema Mungu ndiye aliyemwelekeza. Mwaka 1998 alitangaza kustaafu, na baada ya siku chache akarudi, akisema Bwana amemtaka acheze tena. Na tazameni: Green Bay alipata ubingwa, na msimu ule wa 1998 alichaguliwa mlinzi bora wa mwaka. Wengi wetu tungesema, si mmeona? Sauti imethibitika!

Yeye hakusema hivyo. Alipokwisha kuacha mpira alikiri hadharani kwamba mengi aliyoyatangaza kuwa Mungu kasema, Mungu hakuyasema. Yalikuwa matakwa ya Reggie. Ni ungamo gumu kuliko la mtu aliyeshindwa, maana aliyeshindwa hubanwa na matokeo. Huyu matokeo yalimtetea, naye akayakataa kuwa ushahidi. Tuwe waangalifu hapo, hasa sisi tunaosimama madhabahuni: kufanikiwa kwa jambo hakuonyeshi ni nani aliyelisema.

Baada ya hapo aliacha kuzunguka kuhubiri, akakaa chini kujifunza Kiebrania ili ayasome Maandiko kwa lugha yake. Mtu wa makamo, jina lake linajulikana nchi nzima, anaanza na alfabeti. Alikuwa bado katika masomo hayo alipofariki asubuhi ya Jumapili, 26 Desemba 2004, akiwa na miaka 43.