Fedha zangu zilikwama Leipzig: jinsi nilivyotatua

Nilifika Leipzig Oktoba 2024 kuanza shahada ya uzamili, na mwezi wa kwanza nusura nilale njaa ilhali fedha zangu zote zilikuwa benki. Kwa viza ya masomo ya Ujerumani nilionyesha euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, yaani inayozuia fedha zako na kuachia euro 992 tu kila mwezi. Lakini haiachii kitu mpaka uwe na akaunti ya kawaida, na benki niliyoiendea ikadai cheti cha kusajili makazi. Cheti nacho kinahitaji fomu ya Wohnungsgeberbestätigung, uthibitisho wa aliyekupa nyumba. Mwenye nyumba aliishi mji mwingine. Barua tatu, kimya.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa Mombasa aliyenitangulia miaka miwili.

"Kwani kodi unamlipa nani?"

"Mpangaji mwenzangu. Mkataba ni wake."

"Basi huyo ndiye atie sahihi."

Kumbe sheria inamtaka aliyekupa chumba, hata kama naye amepanga. Ruhusa ya kunipangisha alikuwa nayo, akasaini jioni ileile. Miadi ya usajili niliipata kwa kuamka alfajiri siku nne mfululizo, nikivizia nafasi walizoacha wengine.

Tafadhali sana, ndugu unayekuja: bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku ya kwanza. Kadi ya benki huja kwa posta, na yangu ilirudishwa kwa sababu jina halikuwepo.

Euro 992 za kwanza zilipoingia, nilimpigia mama usiku huohuo.