Mama hakula siku mbili, sukari ikapanda mpaka mashine ikashindwa kuisoma

Naandika haya kwa sababu ule ushauri uliotaka kuniulia mama bado nausikia mitaani: "Mgonjwa wa sukari akipata homa na chakula hakipiti, muachisheni dawa, mpeni glukosi apate nguvu." Hapa kwetu Newala, mkoani Mtwara, wanaousema ni watu wazima wenye heshima zao, na mara ya kwanza niliufuata.

Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili 2021, tunasubiri malipo ya korosho. Mama alikuwa na miaka tisa ya sukari na vidonge vyake vya metformin. Alianza kukohoa, ikafuata homa, kisha akakataa chakula. Uji vijiko vitatu, basi. Mjomba akaja asubuhi, na kwetu mjomba akisema limesemwa: "Dada hali kitu, sukari itashuka atazimia. Acheni hiyo dawa." Akaagiza pakiti mbili za glukosi. Majirani nao hawakuja mikono mitupu: madafu, asali, soda. Nilimnywesha vyote, kwa mapenzi yangu yote.

Siku ya tatu mama alikuwa haja ndogo haimpi nafasi ya kulala, na kiu haimwishi. Anayeijua Newala anajua maji yalivyo shida huku juu. Kisima chetu cha maji ya mvua kilibaki tope, ndoo tunanunua. Nikawa nahangaikia ndoo, kumbe ule mkojo ndio uliokuwa unanieleza kila kitu. Jioni akaanza kuniita kwa jina la marehemu bibi.

Nikakimbilia kwa mwalimu jirani mwenye mashine ya kupimia sukari. Ikaandika herufi mbili tu, HI. Nikadhani stripu imeharibika, nikamtoboa kidole kingine. HI tena. Mwalimu akaniambia sukari imepita pale ambapo mashine inaweza kusoma. Nyingi huishia 33 hivi, kwa kipimo cha mmol/L. Mtu asiye na kisukari, kabla ya kunywa chai, huwa chini ya 5.6.

Hospitalini wakamkuta na UVIKO-19, na ketoni kwenye mkojo. Dripu, insulini (homoni inayoingiza sukari kwenye seli), oksijeni. Usiku ule daktari alinieleza jambo ambalo natamani kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari ilijue. Virusi vikiingia, mwili hutoa homoni za dharura, kama kotisoli na adrenalini. Hizo huliamrisha ini limwage sukari kwenye damu hata tumbo likiwa tupu, na huizuia insulini isifanye kazi yake. Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, la mtu mzima wa afya huiongeza, mambo yakaenda. La mama lilikuwa limechoka siku nyingi. Damu ikajaa sukari ambayo seli haziwezi kuitumia, mwili ukaanza kuchoma mafuta, ndipo ketoni zikatokea na damu ikawa na asidi. Nami nikawa naongeza glukosi juu yake! Na sukari ikiwa juu, kinga nayo hulegea, kwa hiyo virusi vinapata nafasi zaidi.

Hata pale metformin waliisimamisha, kwa kuwa mwili ulikuwa umekauka na figo zimeelemewa. Lakini waliweka insulini mahali pake na walikuwa wanapima kila saa. Huko si kuacha dawa. Deksamethasoni aliyopewa kwa ajili ya mapafu ikapandisha tena sukari, insulini ikaongezwa. Tulikaa siku kumi na moja. Gharama sikuandika, pesa ya korosho ilipoingia, iliishia humo.

Tumerudi nyumbani, mjomba huyo, na soda mkononi. Kumkatalia mjomba mbele ya watu sikuthubutu. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba. Kabla hatujampa mama, nisaidie kuijaribu hii mashine mpya, nahisi inadanganya." Alikuwa hajala tangu alfajiri. 12.4. Akasema alikuwa ameshika embe, kidole kina utamu. Kwa hilo alikuwa na haki kabisa, tunda kwenye kidole huharibu kipimo. Akanawa kwa sabuni, akajifuta, nikaweka stripu nyingine: 12.1. Nikajipima mimi: 5.1. Tukaenda kwa mwalimu, mashine yake ikasema 11.9. Mjomba akakaa kimya kwenye mkeka muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na mimi ninayo?"

Nilimsindikiza hospitali wiki ile ile, ikathibitika. Naye alikuwa amekohoa sana mwezi wa kumi na moja. Daktari hakusema kirusi ndicho kilicholeta, huenda alikuwa nayo bila kujua. Ila alituambia kwamba katika nchi nyingi waliougua UVIKO-19 wamegundulika na kisukari kipya zaidi ya wasiougua, na akamtaka arudi kupima baada ya miezi mitatu. Alirudi, bado iko. Sasa anatumia dawa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, mama aliamka asubuhi na mafua. Kabla kikohozi hakijaanza alikuwa ameshapima mwenyewe: 13.8, wakati jana yake ilikuwa 7. Nilimpigia daktari. Dawa akaendelea nazo, kwa kuwa hakuwa anatapika wala kuharisha. Kipimo kila baada ya saa nne, hata usiku, nikiandika kwenye daftari la shule la mwanangu. Maji nikayajaza kwenye chupa za lita moja nione yanavyopungua, uji mwepesi wa mtama bila sukari. Wageni waliokuja na madafu niliyapokea kwa mikono miwili, nikawapa watoto.

Siku ya tano ilisoma 7.2. Mama akaomba ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, yenye pilipili. Nikampa vipande viwili, cha tatu akamwomba mjomba, na mjomba akakataa.