Jua moja, vitone kumi na tatu

Jana kioo cha kabati kimedondoka, paa, vipande sakafu nzima. Nimekimbilia ufagio, narudi namkuta binti yangu kasimama juu ya kiti anahesabu vitone vya mwanga ukutani. Kumi na tatu. Akaniuliza, "Baba, jua si ni moja? Mbona hapa yako mengi?"

Aisee. Nikakaa chini na ufagio wangu.

Niliwahi kufanya kazi Berlin, Ujerumani, stori za viza na baridi sirudii. Hii ni ya Adlershof, mtaa wa huko huko Berlin, Desemba 2014, kwenye darubini ya majaribio ya miale ya gamma, yaani mwanga wenye nguvu kubwa mno usioonekana kwa macho, unaotoka anga za mbali. Ni dude la mita 12 limesimama nje hivi hivi bila paa. Gamma yenyewe haifiki chini, inagonga hewa huko juu inazaa mvua ya chembe, na hizo chembe zinakimbia kuliko mwanga unavyokimbia ndani ya hewa, ndo unatoka mmweko wa bluu wa sehemu chache tu za bilioni ya sekunde. Sasa kuudaka huo unataka kioo kikubwa, na chetu kilikuwa vioo vingi vya pembe sita, kila kimoja na mota zake mbili nyuma, na vyote lazima vitazame sehemu moja.

Basi saa saba usiku, vidole sivisikii, tumeilenga nyota ya Capella. Mbele ya vioo, mita 16 hivi, pale ambapo kamera ingekaa, kuna ubao mweupe. Nyota moja, ila kwenye ubao vitone tele kama mchele uliomwagika. Kazi yangu ni kutaja namba, kuzungusha mota, nikiona kitone kinachotembea nakivuta mpaka katikati. Kimoja, kingine, vinaingia kama kuku jioni. Nikafika namba 17. Nazungusha, kitone changu kimetulia, kinachotembea ni kingine kabisa! Nikarudia, wapi. Nusu saa nzima nailaumu programu, nasema kwa sauti kabisa, mpaka mwenzangu mmoja akapanda na tochi kuangalia lebo, akashuka akaniuliza taratibu, hii namba kaandika nani?

Mimi. Saba yangu haina kamstari katikati, na Mjerumani saba isiyo na kamstari anaisoma moja. Waya wa 17 ulichomekwa kwenye 11, na wa 11 kwenye 17.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndo iliniuma zaidi. Tukabadilisha waya, kufika saa kumi kwenye ubao kimebaki kitone kimoja kinene.

Asubuhi mama akapiga, "Haya, hizo gamma mmeziona?" Nikamwambia bado, kamera yenyewe haijafungwa. Ilikuja kufungwa mimi nishaondoka, kwa hiyo darubini yangu kwa muda wangu wote haikuona gamma hata moja. Mama hajawahi kunielewa hapo, na mimi siku nyingine sijielewi. Kilichobaki ni saba, naikata kamstari mpaka leo, hata kwenye daftari la maziwa.

Jana nimechukua uma, nikasukuma vipande viwili vya kioo taratibu mpaka vitone vikapandana ukutani. Binti kapiga makofi. Cha tatu kikagoma, nakiinua huku kinaangukia kule, na mama yake anaita toka jikoni, "Huo ufagio hujaupata tu?"