Nimekuuliza tochi

Tangu Jumanne sauti ya Mzee wa Tabora haijanitoka masikioni. Mtaikumbuka lenzi yangu ya Canon ya milimita 50, ile nyepesi ya plastiki ya toleo la mwaka 1990, niliyompigia nayo Zuhura picha alipoota jino la kwanza. Hatimaye niliiuza, na aliyeinunua ni mpiga picha wa harusi ambaye sijawahi kumtia machoni. Alituma fedha kwa simu, nikaifunga lenzi kwa sponji na magazeti, nikaikabidhi basi la alfajiri. Alipoipokea alinipigia.

“Mwanangu, kabla hujaandika ‘safi kabisa’, uliimulika kwa tochi?”

“Mzee wangu, niliijaribu, na picha zake zinatoka vizuri.”

“Sijakuuliza picha. Nimekuuliza tochi.”

Wiki hii shemeji amejifungua mapacha huko Kasulu na ofisi yetu imepata mkuu mpya, lakini mimi nazunguka na maneno hayo manne tu.

Kwa maana niliimulika. Usiku wa kuamkia siku ya kuitangaza niliondoa vifuniko vyote viwili, nikaweka tochi ya simu upande mmoja na jicho upande wa pili, nikaona ukingoni nyuzi nyeupe, nyembamba mithili ya utando wa buibui. Ilikuwa kuvu. Kulipokucha niliipiga lenzi picha nne kando ya dirisha, kuvu haikuonekana hata katika moja, nami nikajiambia kuwa kisichoonekana pichani hakinilazimu kukitaja. Nilichomjibu Mzee si uongo, na hapo ndipo panaponichoma: mchana, jua likiwa mgongoni, picha hutoka vizuri, ila taa za ukumbini zikiikabili lenzi, mwanga hutawanyika kwenye nyuzi zile na picha nzima ikapauka. Yeye hupiga harusi za usiku. Nilijua.

Jana nilimpigia nikamweleza yote, nikaahidi kumrudishia fedha zake pamoja na gharama ya basi. Alinyamaza kitambo, kisha akacheka, akasema nimtumie elfu ishirini tu za fundi wa kuisafisha. Halafu, amini msiamini, akauliza kama nina kifaa kingine cha kuuza! Basi usiku nikakaa kuliandika tangazo la ile kamera yenyewe: shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila upigapo picha, imekwisha kupiga mara 41,000, mpira wa kishikio ulibanduka nikaurudisha kwa gundi, na lipo doa linalojitokeza kila upigapo anga tupu. Mama Zuhura alilisoma hadi mwisho, akaniuliza, “Baba Zuhura, hili ni tangazo au ni toba?” Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ndipo nilipouvuta mkoba ili niimulike lenzi iliyobaki. Kuvu hupenda giza na unyevu, na mkoba huu ulikaa masika yote chini ya kitanda cha Zuhura, kwenye ule ukuta wetu wa Bangwe unaotota. Zuhura anakohoa tangu Ijumaa.