Kabla ya kulaumu anga, zima inveta

Ukitaja SGR hapa Dodoma, kila mtu anaangalia saa ya treni. SGR ya leo iko mbali kidogo: SGR 1935+2154, mzoga wa nyota wenye sumaku kali kupindukia, aina inayoitwa magneta, takribani miaka ya nuru 30,000 kutoka hapa lakini bado ndani ya galaksi yetu. Tarehe 28 Aprili 2020 ilitoa mpasuko wa redio mfupi kuliko kufumba jicho. Darubini ya CHIME ya Canada iliunasa, na mradi mdogo wa Marekani uitwao STARE2 ukaunasa pia. Antena ya STARE2 ilikuwa bomba la chuma la inchi 6 lililozungushiwa sufuria mbili za kuokea keki. Ndiyo, keki.

Mpasuko ule ndio uliotoa ushahidi wa kwanza wa wazi kwamba magneta zinaweza kuzaa FRB, ile mipasuko mifupi ya redio iliyowaumiza watu vichwa tangu 2007, pale Duncan Lorimer na wenzake walipotangaza wa kwanza, uliokuwa umelala tangu 2001 kwenye data za dishi la mita 64 la Parkes, Australia. Kwa fundi wa Dodoma habari yenyewe ni kwamba kifaa kilichoona tukio kubwa namna hiyo kinaweza kukunjwa na fundi bati. Kazi ngumu inaanza baada ya kukinasa kitu: kujua kimetoka wapi.

Na adui wa kwanza yuko jikoni. Parkes walikuwa wakipata ishara zilizofanana na FRB, wakaziita peryton. Zilionekana kwenye miale yote 13 ya kipokezi kwa pamoja, na zilipenda saa za kazi. Mwaka 2015 chanzo kikajulikana: mtu anafungua mlango wa maikrowevu kabla haijamaliza kuhesabu, na ile sekunde ya kuzimika inatupa mawimbi karibu na GHz 1.4. Kitu cha angani kinaingia kwenye mwale mmoja, mara chache miwili au mitatu. Kinachoingia kwenye yote kiko karibu mno.

Sasa, ushahidi wa kuwa mbali ni upi? Ni kuchelewa. Mawimbi yakipita kwenye elektroni zilizotapakaa kati ya nyota, masafa ya juu hutangulia na ya chini hufuata nyuma. Jumla ya elektroni njiani huitwa DM, na hesabu yake ni rahisi: kuchelewa kwa milisekunde = 4.149 × DM × (1/f1² − 1/f2²), f zikiwa kwa GHz, f1 ikiwa ya chini. Ule mpasuko wa SGR ulikuwa na DM ya karibu 333. Kwenye bendi ya CHIME, MHz 400 hadi 800, hiyo ni sekunde 6.5 kati ya juu na chini. Pikipiki ikipita na plagi inayotema cheche, masafa yote yanapiga kwa wakati mmoja. DM sifuri. Tupa.

Kwa FRB za galaksi nyingine, DM hutumika pia kukisia umbali, lakini usiiamini peke yake. Kanuni ya vidole ni kwamba DM 1000 ni karibu z = 1 (z ni kipimo cha jinsi nuru ya galaksi ilivyonyooshwa njiani; ikiwa kubwa, galaksi iko mbali zaidi). Halafu ikaja FRB 20190520B, DM yake zaidi ya 1200, wakati galaksi yake iko z = 0.241 tu. Sehemu kubwa ya zile elektroni zilikuwa nyumbani kwake, si njiani. Ndiyo maana bila kuijua galaksi, umbali ni makisio tu.

Kuijua galaksi kunahitaji antena nyingi zilizotawanyika. Dishi moja la mita 64 kwenye GHz 1.4 linaona duara la dakika 14 hivi za nyuzi, karibu nusu ya upana wa mwezi mpevu, na humo mna galaksi tele. Kwa FRB 121102 ilibidi VLA, safu ya madishi ya Marekani, itegeshwe saa 83. Matokeo yalitoka 2017, nayo ni galaksi ndogo iliyo miaka ya nuru bilioni 3 hivi. Ile ilikuwa inarudia, kwa hiyo ungeweza kuivizia. Isiyorudia inataka mbinu nyingine: ASKAP, safu ya antena ya Australia, inaweka data ghafi za sekunde 3 hivi kwenye kumbukumbu inayojifuta yenyewe, na kompyuta ikishtuka inagandisha. Hivyo ndivyo FRB 180924 ilivyopatikana kwa mpasuko mmoja tu. Machi 2025, CHIME na vituo vyake vya pembeni walielekeza kidole kwenye NGC 4141, miaka ya nuru milioni 130, kwa usahihi wa miaka ya nuru 45 hivi tu.

Hayo ni ya wenye fedha. Turudi kwenye bati.

Kopo

Kopo ndilo antena yetu, na kipenyo ndicho kila kitu. Kopo la duara hupitisha masafa yaliyo juu ya 17.6 ukigawanya kwa kipenyo (sentimita, jibu ni GHz), na umbo la pili la mawimbi, lisilotakiwa, huanza kupita kwenye 23 ukigawanya kwa kipenyo hichohicho. Kwa MHz 1413, masafa tutakayosikiliza, unabanwa kati ya sm 12.5 na 16.2. Chagua 15.2. Fundi akikunja 17, umbo la pili linaingia na antena inaangalia kusikojulikana. Akikunja 12, hakipiti kitu, utakaa mwezi mzima unasikiliza bati. Debe la lita 20 linavutia kwa sababu liko kila mahali, ila lina upana wa sm 23 na zaidi na linapitisha maumbo kadhaa kwa mpigo. Liache libebe mahindi.

Kata bati lisilo na kutu, sm 49 kwa 30. Mzingo ni sm 47.8, iliyobaki ni ya kupandanisha. Mshono ulehemiwe wote kwa risasi, si kubanwa kwa ripiti tatu. Nyuma funga kabisa kwa duara la bati, nalo lilehemiwe kuzunguka. Kisha pima sm 9.1 kutoka ukuta wa nyuma, toboa, weka konekta ya N, na ndani simamisha waya mnene wa shaba, ule wa 2.5 wa kufungia soketi unatosha, urefu sm 5.2. Anza mrefu, punguza milimita moja moja. Mshono uwe upande unaotazamana moja kwa moja na huo waya. Sababu: ukutani umeme unaokata mshono kwa kuzunguka kopo ni mkubwa pembeni, nyuzi 90 kutoka kwenye waya, na karibu sifuri kwenye mstari wa waya. Mshono mbovu ukiwa pembeni unavuja. Ukiwa mkabala hauleti shida.

Zile sufuria za keki huzunguka mdomo wa kopo kuzuia joto la ardhi lisiingie kwa pembeni. Si lazima siku ya kwanza.

Amplifaya ya kelele ndogo ikae kwenye konekta yenyewe, isiwe mezani karibu na kompyuta. Kila desibeli 1 inayopotea kwenye kebo kabla ya amplifaya inaongeza kelvini 75 za kelele, wakati anga lenyewe kwenye masafa haya ni kama kelvini 10 tu. Kipimo cha ukweli ni hiki: elekeza kopo juu, soma nguvu; geuza litazame ardhi kwa karibu, soma tena. Tofauti ikiwa desibeli 5, vizuri. Ikiwa chini ya 3, usiende mbele. Ama waya ni mrefu, ama amplifaya haipati umeme, na hilo la pili ndilo la kawaida.

Mbili, si moja

Kipokezi cha USB cha bei ndogo kinachukua upana wa MHz 2.4. Kwenye MHz 1413, mpasuko wa DM 333 unachelewa milisekunde 2.4 tu kutoka ukingo hadi ukingo. Ukipima kila milisekunde, hizo ni nukta mbili. Huwezi kumshawishi mtu kwa nukta mbili.

Tengeneza kopo la pili kwa MHz 1665: kipenyo sm 12.7, waya sm 4.3, sm 8.1 kutoka nyuma. Bendi zote mbili, 1400 hadi 1427 na 1660 hadi 1670, zimetengewa wanaastronomia kimataifa, kwa hiyo minara ya simu haimo. Kati yake mpasuko wa SGR ungechelewa milisekunde 194: kwanza 1665, baadaye 1413. Ikija kinyume, ni takataka.

Shida: vipokezi viwili kwenye laptopu moja havianzi kurekodi kwa wakati mmoja. Chukua kiberiti cha gesi cha kubonyeza, kile cha jikoni chenye cheche, bonyeza katikati ya makopo mawili. Cheche inapiga masafa yote papo hapo. Tofauti unayoiona kwenye rekodi ndiyo kosa la mashine, itoe. Rudia kila saa, maana fuwele yenye kosa la 1 kwa milioni inateleza milisekunde 3.6 kwa saa. Halafu kuna joto: karibu na GHz 1.7 vipokezi hivi vikipata moto hupoteza masafa kimyakimya, na Novemba ya Dodoma, ndani ya boksi lililofungwa juani, hakuna huruma. Weka bati la kupooza na feni ndogo, boksi likae kivulini.

Usihifadhi data ghafi. Ni MB 4.8 kwa sekunde, zaidi ya GB 400 kwa siku. Gawa bendi kwa vipande 64, hifadhi nguvu tu kila milisekunde, utabaki na GB 5.5.

Sasa ukweli usiopendeza. Kopo hili, kelele yake ikiwa kelvini 150, lingeuona ule mpasuko wa 2020 kwa mara 3 tu ya mtikisiko wa kawaida wa kelele. Kwa kupima mara elfu moja kila sekunde, kelele peke yake inafika mara 3 zaidi ya mara laki moja kwa siku. Kipokezi cha upana wa MHz 20 kinapandisha hadi karibu 9, na hapo mazungumzo yanabadilika. Kama fedha ni ya kununua kimoja tu, nunua hicho uweke bendi ya pili baadaye. Kitajaza sehemu kubwa ya bendi ya 1400–1427 bila kutoka nje yake. Na FRB za galaksi nyingine, ambazo ni hafifu kwa mara milioni hivi, sahau. Kopo ni la kuvizia magneta za nyumbani.

Wapi pa kutega

Katikati ya mji ni kelele tupu: inveta za sola, taa za LED za bei poa, chaja, mafundi wa kuchomelea. Karibu na reli ya umeme, cheche za waya wa juu. Inveta ndiyo mchawi mkubwa kwa sababu mara nyingi ni yako mwenyewe: inakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na vumbi lake linapanda hadi masafa ya juu. Tumia betri ya V 12 moja kwa moja bila inveta, uone sakafu ya kelele ikishuka. Mabonde ya Kongwa na Mpwapwa, nyuma ya kilima kinachoficha mji, yanafaa kuliko kilele cha kilima chochote. Watu hukimbilia kilele kwa mazoea ya runinga, na huko ndiko unakoona kila mnara. Funika mdomo wa kopo kwa plastiki nyembamba kavu. Si kwa ajili ya mvua tu. Nyigu wa udongo wanalipenda kopo kuliko wewe.

Kuhusu anga lenyewe, hapa tumependelewa. Kitovu cha Njia Nyeupe kinapita nyuzi 67 juu ya upeo wetu wa kusini. Kwa California ni nyuzi 24 hivi. Magneta nyingi ziko kwenye mkanda huo, nazo hupita karibu na utosi.

Kituo cha pili kiwe Kondoa, km 140 hivi kwa mstari ulionyooka. Nuru inakata umbali huo kwa milisekunde 0.47, kwa hiyo kitu cha angani lazima kionekane vituo vyote viwili ndani ya muda huo, ukiongeza kosa la saa. Inveta ya Dodoma haiwezi kusikika Kondoa. Ndege inaweza, ikiwa juu km 10 inaonwa na pande zote mbili, na hapo ndipo zile milisekunde 194 zinapoikamata. Saa ya intaneti ina makosa ya milisekunde kadhaa hadi makumi. Tumia moduli ya GPS yenye mpigo wa kila sekunde, iliyo chini ya mikrosekunde moja.

Na andika muda kwa UTC, saa ya kimataifa, kila mara. Ukiandika "saa 8 usiku" tarehe 5, kwa dunia nzima ni saa 23:00 ya tarehe 4. Kuna saa yetu, kuna saa 3 za ukanda, na kuna siku inayoruka. Watu wamelinganisha matukio ya siku mbili tofauti kwa kosa hilo. Ule mpasuko wa 2020 ulitokea saa 14:34 UTC, yaani saa 11:34 jioni yetu, na SGR 1935+2154 wakati huo ilikuwa chini ya miguu yetu, upande wa pili wa dunia. Kopo la Dodoma lisingeona kitu hata lingekuwa zuri vipi. Katikati ya Julai inapita juu yetu karibu na usiku wa manane, nyuzi 62 upande wa kaskazini.