Alaska na mama, watoto na wajukuu

Hatimaye tumechagua meli ya kwenda Alaska! Mama anatembea kwa mkongojo na wajukuu zake hawatulii, kwa hiyo nilichoangalia kwanza ni njia, si ukubwa wa meli. Tumechukua inayoingia Glacier Bay, ghuba ya barafu iliyo hifadhi ya taifa: pale hakuna kushuka, barafu unaitazama ukiwa kwenye sitaha, na askari wa hifadhi hupanda melini kuwaeleza abiria. Mama hatabaki nyuma, na kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote. Tukifika mji wa Skagway, hukohuko Alaska, tutapanda treni ya White Pass, reli iliyoanza kujengwa 1898, enzi za kukimbilia dhahabu. Tunaondokea hapahapa Seattle, hakuna kupanda ndege. Ila meli itapita Victoria, Kanada, basi wenye wazazi wasio raia wa Marekani kagueni viza mapema. Na bebeni masweta, hata kama ni Julai.