Nilivyojitengenezea programu ya kufuatilia sabuskripsheni za ofisini

Ofisi yetu ni ndogo, tunatengeneza tovuti na kazi za grafiki hapa Dar, na kama ofisi nyingi za aina hii tunaishi kwa programu za kulipia kila mwezi: Google Workspace, Figma, Adobe, Canva, Zoom, GitHub, hosting (sehemu tovuti inapokaa), domeni (jina la tovuti, kama la .co.tz), na vidude vingine ambavyo mtu alijiunga navyo wakati wa mradi fulani, akaweka kadi ya ofisi, mradi ukaisha na kadi ikabaki inakatwa. Zote karibu ni dola na kadi ni hiyo hiyo moja. Kila mwisho wa mwezi dada wa uhasibu alikua ananijia na simu mkononi, "mdogo wangu, hii PADDLE ndio nani tena?"

Paddle kwa wasioijua ni kampuni inayopokea malipo kwa niaba ya watengeneza programu wengine, kwahiyo kwenye meseji ya benki unaona PADDLE.NET, kinyota, alafu kipande cha jina. Ukilipa kwa PayPal ni yale yale. Sasa mtu wa uhasibu atajuaje kwamba hiyo ni programu ya fonti aliyoiomba kijana wa grafiki miezi mingi iliyopita?

Programu za kufuatilia mambo haya zipo nyingi tu, ila nyingi nilizoziangalia nazo zinalipiwa kwa mwezi, kwa dola, nikasema hapana jamani. Nikaanza yangu jioni baada ya kazi, kwa Django (zana ya Python ya kujengea programu za mtandaoni) na SQLite (ya kuhifadhi data), kwenye seva ambayo tayari tunailipia. Ndani kuna majedwali matatu ya data: huduma, makato, na majina yanayotokea kwenye meseji. Hilo la tatu ndio limebeba kila kitu. Unabandika meseji ya benki, programu inachomoa kiasi, sarafu na jina, kama jina haijawahi kuliona inakuuliza mara moja ni la huduma gani, ukishaijibu haikusumbui tena. Kuna pia yale makato ya dola 1 ya kuhakiki kadi, benki inatuma meseji kabisa kana kwamba hela imeenda, alafu baadae inarudi, kwahiyo kila kato linaingia kama "linasubiri" mpaka lionekane kwenye taarifa ya benki.

Hela nazihifadhi kwa senti, namba nzima, sio desimali, maana Python ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004 na mimi sina nguvu ya kumweleza mhasibu hiyo habari. Dola na shilingi kila moja ina safu yake, na shilingi ni ile iliyokatwa kweli, sio ile ya kuzidisha mwenyewe kwa rate ya mtandaoni. 2024 dola ilipita 2,700 alafu kufika Desemba ikashuka sana, huduma ile ile bei ile ile ikawa inaonekana kama imepanda na kushuka. Na wengine wanaongeza VAT 18% juu ya bei, ya dola 10 inakuja 11.80, bila safu ya kodi mtu anadhani tumepandishiwa.

Kazi nzito ilikua tarehe. Sikutaka kutuma barua pepe za kukumbusha kwasababu hakuna anayezisoma, nikaona bora programu itoe faili la kalenda, kila mtu aliunganishe kwenye simu yake. Sasa ukiliambia faili la kalenda lirudie kitu kila mwezi tarehe 31, miezi isiyo na 31 linairuka tu, Februari hakuna, Aprili hakuna, Juni hakuna, wakati mwenye huduma yeye hakuruki, anakata siku ya mwisho ya mwezi. Kwahiyo sitegemei ule urudiaji wa kalenda, napiga hesabu ya kila tarehe ya mwaka mzima mbele na kuziandika moja moja. Kingine, Google Calendar haisomi faili la nje papo hapo, inaweza kukaa masaa mengi ndio ione mabadiliko, basi usitegemee kumkumbusha mtu kitu cha leo leo.

Alafu kitu kilichobadilisha matumizi yote ni kidogo tu, kwenye kalenda niliacha kuweka siku ya kulipa nikaweka siku ya kuamua, pamoja na jina la mtu. Siku ya kulipa hela inakua imeshaenda, utafanya nini nayo? Siku ya kuamua ni wiki moja kabla kwa za mwezi na mwezi mzima kabla kwa za mwaka, inamtokea anayeitumia, sio mimi wala bosi, na swali ni moja: bado unaihitaji? Asipojibu linaenda kwa bosi. Watu walianza kujibu vizuri mno, mmoja akaandika "Zoom ya kulipia mbona sijaigusa, mikutano yote tunafanya Google Meet", ambayo ipo ndani ya Workspace tunayoilipia tayari. Tukakata siku hiyo hiyo.

Domeni ndio zimekataa huu utaratibu. Huku kwingine hofu ni kwamba italipwa wakati hatuitaki, kwenye domeni hofu ni kwamba haitalipwa, na ya mteja ikilala, tovuti yake na barua pepe zake zote zimelala nayo. Kwahiyo domeni nimezitoa kwenye swali la kuamua, zina rangi yao nyekundu, zinaita siku 60 kabla na kumwendea dada wa uhasibu moja kwa moja, na haziondoki kwenye kalenda mpaka abandike namba ya risiti.